Antena Kwanza, Busta Baadaye: Niliyojifunza Nyuma ya Kilima cha Makindye

Tulipohamia upande wa Salaama, nyuma ya kilima cha Makindye, kitu cha kwanza kilichotutesa hakikuwa maji wala barabara. Ilikuwa taarifa ya habari ya jioni. Picha inakuja dakika mbili, inaganda, uso wa mtangazaji unakatika vipande vipande vya mraba, sauti inakwaruza, halafu skrini inakuwa nyeusi na kuandika kwamba hakuna mawimbi. Baba mkwe alikuwa kwetu mwezi ule akitibiwa, na kitu alichokuwa akikingoja kutwa nzima ni habari tu. Iliniuma kumwona akizima televisheni kila siku na kurudi kulala.

Kutoka kwetu hadi mnara wa televisheni wa Kololo, hapa Kampala, haifiki kilomita 10. Shangazi yangu yuko Bombo, zaidi ya kilomita 30 kutoka mnara huohuo, na kwake picha imetulia kama maji mtungini. Nilichukua miezi mitatu na fedha nyingi kuelewa kwa nini. Naandika haya kwa sababu naona majirani wanaendelea kuzitupa fedha palepale nilipozitupa mimi, yaani kwenye busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi ya antena.

Kwanza tuelewane kuhusu dijitali yenyewe. Zamani za analojia, kabla mitambo ile haijazimwa Kampala Juni 2015, antena mbaya ilikupa picha mbaya: chenga, vivuli, rangi kuchuja. Lakini mpira uliutazama hadi mwisho. Dijitali haina picha ya nusunusu. Mnara unatuma namba, na dikoda, yaani king'amuzi, ina uwezo wa kurekebisha zile zilizoharibika njiani. Uwezo huo una kikomo. Ukiwa ndani ya kikomo picha ni safi kabisa. Ukivuka kidogo tu, huna kitu. Kwa hiyo mtu anayesema "jana ilikuwa safi, leo imekufa" mara nyingi hajaharibikiwa na chochote. Tangu jana alikuwa ukingoni, na leo mti wa jirani umelowa mvua, basi.

Ndiyo maana usiipime antena yako kwa kutazama picha. Ingia kwenye menyu ya dikoda, pale pa kutafuta chaneli kwa mkono, utakuta mistari miwili: mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Watu wengi, na mafundi wengi pia, wanakimbilia nguvu. Mimi nilikuwa na nguvu asilimia 90 na ubora asilimia 20, na picha hakuna. Nguvu inakuambia ni kelele kiasi gani inaingia kwenye waya. Ubora unakuambia dikoda inaelewa kiasi gani cha hiyo kelele. Fanya kazi yako yote ukiangalia ubora.

Fundi wa kwanza aliniuzia busta. Wa pili akasema ile ilikuwa ndogo, akaniuzia kubwa zaidi. Busta haijui ipi ni sauti ya Kololo na upi ni uchafu; inakuza vyote pamoja, tena inaongeza uchafu wake yenyewe. Kama antena haikushika kitu cha maana, busta haina cha kukuza. Rafiki yangu anayeishi Kamwokya, chini kabisa ya Kololo, alipatwa na kinyume chake: mawimbi yake yalikuwa makali mno, busta ikalemewa, na chaneli zikapotea zote. Alipoing'oa, zilirudi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yangu, mwanajeshi mstaafu aliyefanya kazi ya mawasiliano ya redio miaka mingi. Alikuja na kiti chake, akakaa uani, akaitazama antena yangu pale ukutani chini ya ukingo wa paa. Akaniuliza:

"Mwalimu, Kololo iko wapi kutoka hapa?"

Nikaonyesha kaskazini.

"Na kati yako na Kololo kuna nini?"

Kulikuwa na ukuta wa nyumba yangu, paa la mabati la jirani, mwembe, na nyuma ya vyote hivyo, mgongo wa Makindye.

"Basi antena yako inatazama mabati," akasema. "Tuipandishe kwanza, halafu tuongee habari za busta."

Hapo ndipo penyewe, na ningeomba upasome taratibu. Televisheni ya dijitali nchini kwetu hurushwa kwa masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Mawimbi hayo husafiri karibu kama mwanga: hupenda njia iliyonyooka, hupinda kidogo tu juu ya kilima, na hayapiti kwenye mabati. Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Ukiwa kwenye mteremko unaotazama Kololo, hata kipande cha waya dirishani kinaweza kukupa picha. Ukiwa upande wa pili wa kilima uko kivulini, na umbali si hoja tena. Bombo kwa shangazi ni mbali, lakini mlingoti wake una mita 6 juu ya paa na mbele yake hakuna kilima kinachoziba. Kila mita unayopanda ukiwa kivulini ina thamani kuliko kifaa chochote cha dukani.

Nilikwenda Katwe, nikachomelewa bomba la chuma la mita 6 lenye vishikio vya ukutani. Tukapandisha. Ubora ukafika asilimia 45. Bado picha ilikuwa inakatika jioni.

Mzee akasema tusogeze. Nilidhani anamaanisha kuzungusha. Hapana, alimaanisha tuhamishe mlingoti wote kutoka pale uliposimama. Sababu yake niliielewa baadaye: kwenye megahezi 600 urefu wa wimbi moja ni sentimita 50 tu. Mawimbi yanayokuja moja kwa moja hukutana na yale yaliyogonga mabati na kuta yakarudi. Sehemu moja yanasaidiana, hatua moja pembeni yanauana. Dikoda za DVB-T2, mfumo wa dijitali unaotumika hapa kwetu, zimeundwa kustahimili mwangwi wa namna hiyo, lakini pale mahali penyewe yanapouana hakuna kilichobaki cha kustahimili. Tulitembea na antena juu ya ngazi, binti yangu akiwa ndani anasoma namba kwa sauti: arobaini na mbili, thelathini, hamsini na tano, sabini na nane. Kwenye sabini na nane tukafunga. Haikufika mita 3 kutoka pale pa mwanzo.

Kabla hujanunua bomba, basi, tembea na antena. Ifunge kwenye mti wa ufagio, mtu mmoja awe kwenye skrini, mwingine apande na kushuka, aende kushoto na kulia. Baada ya kila hatua subiri sekunde kadhaa, maana ule mstari wa ubora huchelewa kubadilika. Saa moja ya kazi hiyo itakuokolea fedha nyingi.

Kuhusu antena yenyewe, usidanganywe na maandishi ya "antena ya dijitali" kwenye boksi. Antena haijui dijitali wala analojia, inajua masafa. Antena nzuri ya UHF ya zama za analojia inafanya kazi hadi leo. Zisizofaa ni zile za kale za VHF, yaani za masafa ya chini zaidi, zenye fito ndefu. Hii ya kawaida ya alumini yenye fito nyingi fupi ina mbele na nyuma: upande wenye fito fupi zaidi ndio unaotazama mnara, na ule wenye wavu au fito ndefu unabaki nyuma. Nimeziona nyingi mtaani kwetu zimegeuzwa. Fito zinaweza kulala au kusimama kutegemea mnara unavyorusha, kwa hiyo tazama mapaa ya majirani wenye picha nzuri na ufuate walivyofanya. Mwelekeo uupate kwa dira ya simu, ukisimama mbali na mabati na vyuma, kwani huipotosha.

Waya ni jambo ambalo watu hulidharau. Nunua kebo ya RG-6, ile nene yenye foili na wavu ndani. Hata hiyo nzuri, kila mita 15 hula karibu nusu ya nguvu. Zile nyembamba za bei rahisi hula zaidi. Usiunge kwa kusokota na kufunga utepe wa plastiki. Yangu ilikuwa na maungio matatu ya namna hiyo, na moja lilikuwa limejaa maji na kutu ya kijani. Tumia viunganishi vya kusokomeza na kukaza, na kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi ndani.

Sasa, busta ina mahali pake. Kwenye nyumba za kupanga za safu moja, zile tunazoziita mizigo, wapangaji wanne wanaweza kuchangia antena moja. Ukigawa mara mbili kila mmoja anapata nusu, ukigawa mara nne kila mmoja anapata robo au chini ya hapo. Hapo busta inafaa, lakini iwekwe juu karibu na antena, kabla waya haujala chochote. Kuiweka nyuma ya televisheni ni kukuza kilichokwisha kuharibika. Nyingine hupata umeme wake kupitia waya uleule wa antena, na lazima uuwashe kwenye menyu ya dikoda; zima, nayo inakuwa kizuizi. Na kama kuna mnara wa simu karibu nawe, busta inayokuza masafa yote itameza na mawimbi ya simu, ambayo siku hizi yako jirani kabisa na ya televisheni.

Unaponunua televisheni ya mtumba kutoka nje, hakikisha inapokea DVB-T2. Zipo nyingi zinazoishia DVB-T ya zamani, na hizo hazitaona chaneli hata moja ya hapa bila dikoda ya pembeni. Na chaneli zikipotea ghafla huku ubora uko palepale, usiguse antena. Tafuta chaneli upya. Huenda masafa yamebadilishwa.

Radi naomba isichukuliwe kirahisi. Uganda ni kati ya nchi zinazopigwa na radi sana duniani. Wengi tunakumbuka wanafunzi waliofariki darasani Kiryandongo mwaka 2011. Mlingoti wa chuma uliopita paa uunganishwe na waya mnene wa shaba hadi fito iliyozikwa ardhini, na kazi hiyo apewe fundi umeme anayeijua. Mawingu yakifunga, chomoa umeme na waya wa antena vyote viwili, na uchomoe mapema, kabla ngurumo haijafika. Wakati wa kusimamisha mlingoti, angalia zilipo nyaya za umeme, na uhakikishe hata mlingoti wote ukianguka hauzifikii. Kama nafasi hiyo haipo, acha. Tafuta kona nyingine, hata kama ubora utashuka.

Baba mkwe alitazama habari wiki mbili nzima bila kukatika kabla ya kurudi kwao. Mlingoti wetu ulizungushwa na upepo mara moja tangu hapo, msimu wa mvua za Aprili, lakini tulikuwa tumepiga mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye bomba na kuishia kwenye kishikio. Binti yangu alipanda ngazi, akarudisha mstari ukakutana na mwenzake, akakaza nati, akashuka.