Lexus au Harrier?
Ndugu, umeuliza kama Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota, inaizidi Toyota yenyewe kweli au tunalipia nembo tu. Chukua Toyota Harrier ya kwanza, ya 1997: Marekani iliuzwa kama Lexus RX 300. Gari lile lile! Ya shemeji yangu ni ya V6, lita 3.0, fundi alifungua boneti akatuonyesha, injini hiyo hiyo ndiyo iko kwenye RX. Huduma ndiyo yenye tofauti. Mwaka 1989 magari ya Lexus LS 400 yalipoitwa kurekebishwa, Lexus iliyafuata hadi majumbani kwa wateja, ikayarudisha yameoshwa na tangi limejaa. Lakini ukiagiza mtumba, huduma hiyo haipandi meli. Unabaki na fundi wako. Mimi ningechukua Harrier, chenji iende kwenye matairi na shokapu.