C3 ikibaki chini baada ya wiki 12, omba kinofu cha figo

Mtoto aliugua koo, au alitoka vidonda vya ngozi vyenye usaha. Wiki moja hadi tatu baada ya koo, au tatu hadi sita baada ya vidonda, anaamka kope zimevimba, mkojo una rangi ya chai kavu iliyokolea, presha iko juu. Daktari atasema figo zimeathiriwa na bakteria wa streptokokasi, na mara nyingi atakuwa sahihi. Kosa huja baadaye: uvimbe ukishapungua, hakuna anayerudia kipimo cha damu cha C3, na ugonjwa mwingine wa figo unaofanana na huo, glomerulopathi ya C3, unapita bila kuonekana.

C3 ni protini ya komplimenti, sehemu ya kinga ya mwili ambayo haizimiki kabisa. Ni kama makaa yaliyofunikwa majivu, na majivu yenyewe ni protini nyingine, hasa faktari H. Kwenye glomerulopathi ya C3 majivu hayatoshi: ama faktari H ina kasoro ya kurithi, ama mwili umetengeneza antibodi zinazozuia kimeng'enya cha kuvunja C3 kisizimwe. C3 inavunjwa mfululizo na vipande vyake vinanasa kwenye vichujio vya figo. Ndiyo maana C3 hushuka kwenye damu huku C4, protini nyingine ya komplimenti, ikibaki ya kawaida. Zikishuka zote mbili, fikiria kwanza lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe.

Baada ya streptokokasi C3 hushuka vilevile, ila kwa kawaida hupanda tena ndani ya wiki 6 hadi 8. Basi andika kwenye daftari la kliniki tarehe mkojo ulipobadilika. Rudia C3 na C4 wiki ya 8. Ikiwa C3 bado iko chini, rudia wiki ya 12. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubaki kwenye mkojo miezi mingi hata kwa aliyepona, kwa hiyo peke yake isikutishe. C3 iliyo chini wiki ya 12, au protini ya kwenye mkojo isiyopungua, ndiyo sababu ya kutoa kinofu, yaani kipande kidogo cha figo kinachochukuliwa kwa sindano ili kipimwe. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda kwa kasi, usisubiri wiki yoyote.

Hapa kwenye kinofu ndipo tunaumia zaidi, maana sindano ikishaingia figoni hakuna anayetaka irudiwe. Kinofu chote kikitumbukizwa kwenye formalini, kuitafuta C3 kwa rangi za kung'aa huwa kugumu na majibu hupotosha. Uliza siku moja kabla: kipande kimoja kitatengwa bila formalini, kwenye maji ya Michel ya kuhifadhia vinofu, au kwenye shashi iliyoloweshwa saline (maji ya chumvi) kama maabara iko jirani? Mgonjwa akiwa na zaidi ya miaka 50, apimwe pia protini za monokloni (antibodi za aina moja zinazotoka kwenye kundi moja la seli) kwenye damu, kwani zinaweza kuwa ndizo chanzo.

Tiba ya glomerulopathi ya C3 huanza na presha, pamoja na enalapril au losartan za kupunguza protini. Potasiamu na kreatinini zipimwe ndani ya wiki 2. Diklofenaki iachwe kabisa. Protini ikiwa nyingi, madaktari huongeza mycophenolate na prednisolone, dawa za kutuliza kinga. Kwa ugonjwa huu, Marekani iliidhinisha iptacopan Machi 2025 kwa watu wazima, miligramu 200 mara mbili kwa siku, na pegcetacoplan Julai 2025 kuanzia miaka 12.

Dawa hizi mbili za mwisho zinafunga komplimenti, na bakteria wa homa ya uti wa mgongo wanapata mwanya. Chanjo zake, pamoja na ya nimonia, zikamilike angalau wiki 2 kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa atembee na kadi inayotaja dawa yake. Akipata homa, aionyeshe mapokezi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.