Pesa iliyoliwa kabla haijashikwa

Wiki hii mmeuliza: ni mtunzi gani wa riwaya aliyeiandika pesa kama watu wa kawaida wanavyoijua? Jibu langu ni Ousmane Sembène wa Senegal, kwa kitabu chake kifupi Le Mandat cha miaka ya 1960. Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na kisa hicho katika tamthilia ya Amandina Lihamba, Hawala ya Fedha, ya mwaka 1980.

Ibrahima Dieng anaishi Dakar na wake zake wawili na watoto, kazi hana. Mpwa wake Abdou, anayefagia barabara za Paris, anamtumia hawala ya faranga 25,000. Humo 2,000 ni za Dieng, 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 ni akiba ya kijana mwenyewe, anaomba atunziwe.

Mtaa unasikia ishirini na tano elfu. Zile elfu mbili za Dieng hakuna anayezisikia. Mety na Aram, wake zake, wanakopa mchele kwa Mbarka mwenye duka kwa nguvu ya barua tu, kabla mume hajajua kwamba kuna barua. Dieng anarudi, anakula anashiba, ndipo anaambiwa. Posta hajafika, na deni limeshaanza. Kisha majirani wanabisha hodi mmoja mmoja, na Sembène hawachori kama walafi. Wana njaa kweli.

Mimi ni wakala wa pesa za simu, Mbagala, na jambo hili naliona kila siku dirishani. Mtu anatoa elfu hamsini, sijamaliza kumhesabia, yeye anazigawa kwa mdomo: hii ya Mangi mwenye duka, hii ya kikoba, hii ya mwenye nyumba. Anaondoka na nauli.

Sehemu inayoniumiza zaidi ni ya kitambulisho. Posta wanakitaka, Dieng hana. Ili akipate anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Manispaa karani anataka tarehe kamili. Dieng anaujua mwaka tu, nao wa kukadiria. Kila dirisha ni nauli nyingine na kila karatasi ina bei, wakati karatasi yenyewe anaitafuta ili apate pesa. Mpiga picha anachukua hela yake, picha hampi, na mzee anarudi nyumbani akivuja damu puani.

Kipindi kile cha kusajili laini kwa alama za vidole alinijia mzee mmoja, fundi mwashi. Nilimfuta kidole kwa kitambaa, nikajaribu gumba, nikahamia cha shahada, mkono wa kulia, wa kushoto. Mashine inakataa. Saruji ilikuwa imemla vidole, ngozi laini kabisa. Pesa aliyotumiwa na bintiye ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nimlete nani aseme kwamba mimi ndiye?"

Wasomaji wengi humkasirikia Mbaye, yule ndugu mwenye biashara na gari, anayeandikiwa hati ya kumchukulia Dieng pesa kisha akadai kaibiwa mfukoni. Ni mwizi, sibishi. Lakini hata kama Mbaye angekuwa mwaminifu, fungu la Dieng lingekuwa limeshaisha kwa mikopo na mahangaiko. Hapo ndipo naona ukubwa wa Sembène, mtoto wa Ziguinchor aliyekuwa mwashi na baadaye kuli bandarini Marseille. Tena mwaka 1968 alikigeuza kitabu hicho kuwa filamu ya Kiwolof, Mandabi, ili watu kama Dieng, wasiosoma Kifaransa, wakione kisa chao kwa lugha yao.

Anayesahaulika ni Abdou. Zile 20,000 ni jasho lake, na habari zake tunazipata kwa barua tu: amehama kwa kukosa kazi, anaswali, pombe hanywi. Nani atamwambia kwamba akiba haipo? Nawaomba watunzi wetu waandike upande huo: binti aliyeko Muscat kwenye kazi za ndani, anayetuma kila mwisho wa mwezi na kuuliza kwa simu kama tofali za kiwanja chake zimeshanunuliwa. Nikikiona kitabu hicho nitakinunua siku hiyo hiyo.