Kinoo gani kinafaa kubebwa safarini?

Swali: Naendesha gari la watalii kutoka Arusha, na mara nyingi tunalala porini. Nabeba kisu cha kukunja, kisu cha mpishi, na panga la kukatia miti iliyoanguka njiani. Nilinunua kile kinoleo kidogo cha kuvuta, chenye mfereji wa umbo la V. Kisu kinakata vizuri siku hiyo, kesho yake ni butu. Ninunue kipi?

Jibu: Ndugu yangu, nunua bamba la almasi lenye pande mbili, na tupa bapa moja, yaani faili la chuma la kunolea, kwa ajili ya panga. Vingine vyote ni mzigo.

Kile kinoleo chako kina vipande viwili vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kisu chochote. Hakinoi, kinakwangua. Tazama makali juani, utaona yamechanika vijino vidogo vidogo. Vijino hivyo ndivyo vinavyokata nyanya jioni ile, na ndivyo vinavyovunjika ukianza kukata kamba. Kisu cha mpishi usikipitishe humo kabisa, kitaliwa hadi kiishe. Ila usikitupe, kibaki garini kwa siku ambayo mkono umeumia na kinatakiwa kisu kinachokata sasa hivi, maana hakihitaji ujuzi.

Kinoo cha jiwe ni kizuri nyumbani, lakini kikianguka kwenye mwamba kinapasuka. Vile vya kulowekwa majini vina tatizo jingine: ukipanda navyo Kilimanjaro, kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600, na maji yaliyomo ndani ya jiwe yakiganda usiku, jiwe linaweza kupasuka.

Bamba la almasi ni chuma kilichopakwa punje za almasi. Halibonyei katikati, halihitaji mafuta. Matone ya maji yanatosha, hata kavu linafanya kazi. Tafuta namba ya punje (ikiwa kubwa, punje ni laini zaidi) kati ya 300 na 400 upande wa kukwaruza, na 600 upande laini. Namba 1200 inapendeza, lakini kwa nyama na kamba makali yenye mkwaruzo kidogo hukata vizuri zaidi. Urefu usipungue sentimita 10. Na usikandamize! Nguvu nyingi hung'oa punje, na hapo bamba limekwisha.

Sasa mwinuko, ambao ndio unaowashinda wengi. Inua mgongo wa kisu kiasi cha theluthi ya upana wake: kisu cha sentimita 3, inua sentimita 1. Hapo una pembe ya nyuzi karibu 20. Noa upande mmoja tu, kisha pitisha kidole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje. Usikiteleze kamwe kufuata urefu wa makali. Utahisi kijiuzi cha chuma kilichojikunja. Kama kipo katikati lakini nchani hakipo, nchani bado hujafika, endelea. Kikihisika kote, geuza kisu ufanye vilevile, halafu malizia kwa upande laini, mara huku mara kule, kwa uzito wa kisu chenyewe.

Kama kisu chako cha kukunja kina meno, bamba halitaingia. Hapo utahitaji kijiti cha almasi cha mviringo.

Panga ni chuma laini zaidi, tupa inalila vizuri. Libane imara, vaa glavu, sukuma tupa kwenda mbele tu, uinue ukirudi. Lipe pembe ya nyuzi 25 hadi 30, kwa sababu makali membamba hupinda yakikutana na fundo la mti.

Ukipoteza bamba, geuza kikombe cha kauri: ile duara isiyong'aa chini yake inanoa kweli.

Na kabla kisu hakijarudi kwa mpishi, kioshe na ukifute, vumbi la chuma lisiingie kwenye chakula.