Yakobo aliuawa, Petro akatoka gerezani

Kwa miaka mingi Zaburi ya 91 ilikuwa kinga yangu ya kila usiku. Nilipitia mistari ya mwanzo harakaharaka ili nifike kwenye ule wa saba: "Ijapo watu elfu waanguka ubavuni pako." Niliamini kwamba nikiusoma kwa imani, baya lolote litaipita nyumba yetu.

Kisha mama akaugua. Tuliisoma zaburi ile wodini kando ya kitanda chake, asubuhi na jioni. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye alikuwa akiombewa na watu wake. Yule alipona, akafungasha vitu vyake, akamshika mama mkono kumuaga. Mama alifariki wiki hiyohiyo. Msibani, mtu mzima tunayemheshimu aliniambia kwa upole kwamba huenda imani yetu ilipungua mahali. Neno lile lilinikaa rohoni miezi mingi, na zaburi sikuigusa tena.

Kilichonirudisha ni Matendo ya Mitume 12. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya Petro: amefungwa minyororo miwili, amelala katikati ya askari wawili, vikosi vinne vya askari wanne wanne vinamlinda, na malaika anampiga ubavuni ili aamke. Safari hii nilikwama kwenye mstari wa pili. Mfalme Herode "akamwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga." Basi. Mstari mmoja tu. Yakobo aliyeacha mashua na baba yake pamoja na Yohana, aliyekuwa mlimani Yesu alipogeuka sura, hakufunguliwa mlango wowote. Luka, aliyeandika Matendo, hasemi popote kwamba Yakobo alipungukiwa imani. Tena tazama waliokuwa wakimwombea Petro: alipobisha hodi, Roda akakimbilia ndani kuwaambia, nao wakamjibu, "Una wazimu." Kama ulinzi wa Mungu ungepimwa kwa uzito wa imani ya waombaji, Petro asingetoka usiku ule.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kwenye msiba, usimwambie mfiwa kwamba imani ilikosekana. Hilo ndilo ninalokusihi kuliko mengine yote. Keti naye. Mungu wa Petro ndiye Mungu wa Yakobo, na sura ileile inamaliza kwa Herode kuliwa na chango huku neno la Bwana likizidi kuenea. Enzi ya Mungu haikuyumba siku Yakobo alipokatwa kwa upanga. Kwa nini huyu aende na yule abaki, Luka hakuandika, na sisi hatuna haki ya kumwandikia.

Jambo jingine nililojifunza kwa kuchelewa ni kwamba ulinzi wa Mungu mara nyingi huja umevaa nguo za kawaida. Katika Matendo 23 Bwana anasimama usiku karibu na Paulo, aliyeshikiliwa na Warumi ngomeni Yerusalemu, na kumwahidi kwamba atashuhudia Rumi. Kulipopambazuka, watu zaidi ya 40 wanajifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamemuua. Hapa hatokei malaika. Anatokea mpwa wake, kijana tu, aliyesikia habari za shauri lile akaingia ngomeni kumpasha mjomba. Usiku huo Paulo akaondolewa na askari 200, wapanda farasi 70 na watu 200 wa mikuki. Halafu, huko Kaisaria alikopelekwa, akakaa kifungoni miaka miwili. Miaka miwili! Ahadi ilikuwa palepale, na minyororo ilikuwa palepale.

Ndiyo maana siku hizi ninaomba na pia ninakwenda kupima. Hezekia, mfalme wa Yuda, alipotishwa kwa barua na Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliipeleka barua hiyo hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana, lakini ndiye pia aliyechimba mfereji wa kuingiza maji mjini. Handaki hilo, lenye urefu wa zaidi ya mita 500 kupita kwenye mwamba, lipo Yerusalemu hadi leo. Kuacha dawa au kuendesha gari ovyo kwa kisingizio cha kulindwa ni kile ambacho Shetani alimtaka Yesu afanye juu ya kinara cha hekalu, akitumia Zaburi hiihii ya 91. Yesu alikataa.

Naisoma tena sasa, taratibu, mpaka mstari wa 15, ambao zamani nilikuwa nikilala kabla ya kuufikia: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Karatasi ya majibu ya mama ipo ndani ya Biblia yangu, katika 2 Wafalme 19. Siku ile wodini niliikunja mara nne nikaificha asiione. Juzi niliikunjua juu ya meza, nikapiga magoti.