Jipu Kisogoni na Sukari Ambayo Sikuipima
Nikiwa na miaka 7 tangu niambiwe nina kisukari, niliotwa na jipu kisogoni, palepale ukosi wa shati unaposugua, nikadhani ni joto la Ujiji tu. Nilinunua kapsuli katika duka la dawa. Muuzaji hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote, nami sikumwambia. Siku ya tano jipu lilikuwa na midomo mitatu inayotoa usaha, ngozi imevimba na kung'aa kama iliyopakwa mawese, na shingo haigeuki.

Hospitalini, muuguzi alinitoboa kidole kabla hata ya kulitazama jipu, na mashine ya kupima sukari ikasoma 19.4 mmol/L, yaani juu mno. Daktari alinieleza kwamba bakteria wa majipu huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila madhara, lakini sukari ikipanda sana, chembe nyeupe za damu zinazopaswa kuwameza huchelewa kufika, na zikifika huwa hazina nguvu ya kuwaua. Mishipa midogo iliyoharibiwa na sukari ya miaka mingi nayo hupunguza damu inayofika kwenye ngozi, na dawa husafiri ndani ya damu hiyohiyo. Tena maambukizi yenyewe huufanya mwili utoe homoni zinazopandisha sukari, hivyo jipu hupandisha sukari, na sukari hulilea jipu.

Nilipasuliwa, nikapewa dawa nyingine, nikachomwa insulini kwa siku kadhaa. Sukari iliposhuka chini ya 10 ndipo nyama nyekundu ilipoanza kuota ndani ya kidonda.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye kisukari, ukiona jipu au wekundu wenye joto, pima sukari siku hiyohiyo, na umtajie ugonjwa wako yeyote anayekupa dawa. Usilikamue. Usiache vidonge vya kisukari kwa uamuzi wako eti kwa kuwa huna hamu ya kula, uliza kwanza. Miguu iliyokufa ganzi usiikande kwa maji ya moto, kwani nimemwona mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi aliyeungua nyayo asihisi chochote. Zungushia wekundu mstari wa kalamu, na wekundu ukiuvuka mstari huo, au ukipata homa, ngozi ikawa nyeusi, au maumivu yakawa makali kuliko jipu lenyewe linavyoonekana, nenda hospitali usiku huohuo.