Uanzie wapi kusoma sayansi na teknolojia

Umeuliza uanzie wapi maana kila siku kuna kipya. Ndugu yangu usikimbizane na vichwa vya habari, shika kitu kimoja ukifuatilie mpaka mwisho. Mfano CRISPR, ule mkasi wa kukata jeni, 2012 ilikua ni kitu cha maabara tu, 2020 wanasayansi wake Doudna na Charpentier wakapata Nobel, Novemba 2023 Uingereza ikaruhusu tiba ya kwanza ya CRISPR, ya ugonjwa wa selimundu (sickle cell), yaani wanachukua seli za mgonjwa mwenyewe, wanakata kwenye jeni inaitwa BCL11A, ile inayozima himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya utotoni, alafu mwili unarudi kutengeneza himoglobini ile ya mtoto akiwa tumboni, aisee hapo nilirudia kusoma mara tatu. Na biashara utaielewa humohumo, kampuni ikiahidi tiba mwakani uliza kwanza majaribio kwa binadamu yamefika hatua gani.